Kula vibichi tu, bila kupika kabisa: inafaa?

MamaTanga: Wadau, shoga yangu kaacha jiko. Asubuhi papai na korosho, mchana kachumbari na parachichi, usiku dafu, basi. Eti moto unaua virutubisho. Nimfuate?

Mpishi_Mzee: Vitamini C kweli hupungua kwa moto. Lakini nyanya ikipikwa na mafuta kidogo, likopeni yake, ile rangi nyekundu yenye faida, mwili huipata vizuri zaidi. Na maharage mekundu mabichi? Utatapika mpaka ukome. Muhogo mchungu ndio usiuguse, una sumu ya sayanidi.

Nesi_wa_zamu: Vitamini B12 ataitoa wapi? Kwenye matunda na mboga haimo. Akiwa mjamzito, amwone daktari kwanza. Na hiyo kachumbari aioshe kwa maji safi, jamani.

MamaTanga: Ahsanteni. Kachumbari nitaongeza, ila wali wa nazi siuachi ng'o!