Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa siku moja?

Wadau, natokea Lindi mjini. Visiwa vyote viwili vya magofu ya kale vinawezekana siku moja?

Jibu 1: Kwa boti ya injini ndiyo, kwa mashua ya tanga usijidanganye. Panda basi la Dar, shuka Nangurukuru, chukua gari la Kilwa Masoko, ulale hapo. Kibali cha kuzuru magofu kata Masoko kabla ya kuvuka.

Jibu 2: Kwanza ulizia maji. Yakipwa, boti ya Songo Mnara hukwama mbali na utamalizia kwa miguu kwenye tope la mikoko. Ndala zinanasa, vaa raba za kamba. Kipindi cha kusi (upepo wa kusini) ondoka alfajiri, maana mchana bahari inachafuka.

Jibu 3: Kilwa Kisiwani msiishie Gereza, ile ngome ya zamani, kisa liko ufukweni! Kwenye Msikiti Mkuu linganisha upande wa kaskazini, wa karne ya 11, na upanuzi wa kusini wenye kuba, ulioanza karne ya 14. Husuni Kubwa, magofu ya jumba la sultani, iko peke yake mashariki, wengi huiruka kwa uvivu wa jua. Birika lake la pembe nane peke yake linatosha kukufikisha. Beba maji ya kunywa.

Muuliza: Shukrani. Nalala Masoko basi.