Tupeane uzoefu: umewahi kukaa na Mwisraeli au Mpalestina anayempinga kiongozi wake mwenyewe?

Kijana wa Arava

Wakuu, salaam. Mijadala ya Israel na Palestina humu huwa ya timu mbili kama Simba na Yanga: "Waisraeli wanataka hivi, Wapalestina wanataka vile." Mimi nimekaa kule miezi 11, na kilichonikaa moyoni ni watu wanaopishana na wakubwa wao wenyewe. Naomba uzi huu uwe wa ushuhuda tu. Uliyefanya naye kazi, uliyesoma naye, uliyekula naye. Naanza mimi.

Mwaka 2019 nilikwenda mafunzo ya kilimo kusini kabisa mwa Israel, bonde la Arava, kwenye shamba la pilipili hoho. Mwaka ule walipiga kura Aprili, wakarudia Septemba, wakarudia tena Machi 2020, kwa sababu hakuna aliyeweza kuunda serikali. Katikati hapo, Novemba, mwanasheria mkuu wao akatangaza kumshtaki waziri mkuu Netanyahu kwa rushwa na udanganyifu. Ijumaa jioni mwenye shamba alikuwa ananiita mezani kwake. Yeye ni Likud, chama cha Netanyahu, tangu ujana. Binti yake alikuwa chuo Beersheba na hataki hata kumwona Netanyahu kwenye televisheni. Basi hapo ni kelele tupu. Baba anamwita "smolanit", mtu wa mrengo wa kushoto, ambalo kwao ni tusi, na huku anakata mkate, anautia chumvi, anampa yeye wa kwanza.

Siku moja jirani aliyealikwa akamwita yule binti "bogedet", msaliti. Mzee akaweka kisu chini. Akasema neno hilo katika nyumba hii halitamkwi. Kesho yake tukifungua maji ya matone shambani akaniambia sababu. Oktoba 1995 alikuwa Yerusalemu kwenye mkutano wa kupinga Oslo, mkataba wa amani ambao waziri mkuu wa wakati ule, Rabin, alifanya na Wapalestina. Amesimama na maelfu wakiimba "Rabin msaliti", na kulikuwa na picha za Rabin aliyevalishwa sare za Kinazi. Hata mwezi haukuisha. Tarehe 4 Novemba Rabin akapigwa risasi Tel Aviv akitoka kwenye mkutano wa amani, na aliyempiga ni Myahudi mwenzao, mwanafunzi wa sheria. "Bunduki sikushika," mzee aliniambia, "lakini sauti yangu ilikuwemo." Chama anapigia kilekile mpaka leo.

Karibuni.

Mlezi254

Asante sana kwa kuanzisha hii. Mimi natunza wazee Tel Aviv. Mwaka wa 2023 nilikuwa na nyanya wa miaka 81. Kuanzia Januari, kila Jumamosi sabato ikiisha, ananiambia tutoke. Namsukuma kwa kiti chake cha magurudumu hadi barabara ya Kaplan, ambapo watu walikuwa wakipinga mpango wa serikali wa kupunguza nguvu za Mahakama ya Juu. Bendera, firimbi, ngoma. Alinifundisha neno "busha", aibu, nikawa nalipaza pamoja naye.

Alikuwa pia na lile kundi la akina mama wanaodai amani, Women Wage Peace. Tarehe 4 Oktoba walikutana na akina mama wa Kipalestina, wakatembea pamoja Yerusalemu. Siku tatu baadaye ikawa ile Oktoba 7, Hamas wa Gaza walipovamia Israel, wakaua watu na kuteka wengine. Mmoja wa waanzilishi wao, Vivian Silver, aliyekuwa akisaidia kuwapeleka wagonjwa wa Gaza hospitalini Israel, aliuawa nyumbani kwake Be'eri. Wiki nyingi walidhani ametekwa. Habari ilipofika Novemba, nyanya alikaa na picha yake mezani siku nzima, chai ikapoa.

Tulirudi barabarani, sasa na familia za mateka. Nilifunga utepe wa manjano, alama ya mateka, kwenye mkono wa kiti. Wanapaza "akshav", yaani sasa, warudishwe sasa hivi, serikali ikubali makubaliano. Mwanamume mmoja akashusha kioo cha gari akamtukana nyanya kwamba anawafanyia Hamas kazi. Sikio lake ni zito. Akaniuliza, "Amesema nini?" Nikamwambia anauliza njia.

Huyu mama alimzika kaka yake vita vya 1973. Usiku huo sikulala.

Chuma Ulete

Ushuhuda mzuri. Lakini upande wa Palestina mbona hatusikii? Au kule wote wanakubaliana?

Msafiri wa Ghuba

@Chuma Ulete hawakubaliani hata kidogo, ila gharama ya kusema ni nyingine. Niko Doha, fundi viyoyozi. Kwenye timu yetu kuna fundi umeme Mpalestina, mtu wa kijiji kimoja karibu na Hebron, wao wanaiita Al-Khalil. Ukitaja Israel anaongea mbele ya yeyote, saa nzima. Ukitaja Mahmoud Abbas, rais wa Mamlaka ya Palestina, anatoa simu yake mfukoni, anaifungia kwenye sanduku la vifaa, anasogea hatua kumi, ndipo anaongea.

Mimi nilikuwa sielewi mpaka Juni 2021. Kulikuwa na mkosoaji anaitwa Nizar Banat, wa mkoa wao, aliyekuwa akirusha video za kuwalaumu wakubwa wa Mamlaka ya Palestina kwa ufisadi. Alikuwa mgombea katika uchaguzi wa bunge uliopangwa Mei mwaka ule. Abbas akauahirisha mwishoni mwa Aprili, akisema Israel haijaruhusu watu wa Yerusalemu Mashariki wapige kura. Alfajiri ya tarehe 24 Juni askari wa usalama wa Mamlaka waliingia alimolala, wakampiga, wakamchukua, akafa. Watu wakajaa barabarani Ramallah wakipaza "irhal", ondoka. Tulitazama chini ya ngazi, simu moja watu wanne, tukiona wanaume waliovaa kiraia wakiwapiga waandamanaji. Mwenzangu alikuwa anatetemeka kidevu.

Akanipigia hesabu. Abbas alichaguliwa Januari 2005 kwa miaka minne. Bunge lilichaguliwa mara ya mwisho Januari 2006, Hamas wakashinda, mwaka uliofuata wakapigana na Fatah, chama cha Abbas, wakashika Gaza, na tangu hapo hakuna tena. Yeye amezaliwa 1990. Hajawahi kupiga kura ya rais wala ya bunge. Kaka yake amelala mahabusu ya Waisraeli kwa kurusha mawe, na amelala mahabusu ya Mamlaka kwa maneno aliyoandika mtandaoni. Mama yao alipeleka chakula kote kuwili.

Alinifundisha wanachoitwa watu kama Nizar: "khain". Nikamwambia sisi tunasema haini. Akalirudia mara mbili, polepole, kama anayekutana na mtu wa kwao ugenini.

Mzee wa Upanga

Wanangu, niruhusuni. Sisi tuliokuwa Dar es Salaam miaka ile, Palestina ilikuwa habari ya nyumbani. Serikali ilivunja uhusiano na Israel 1973, PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, walikuwa na ofisi hapa, na mimi nilikuwa na rafiki Mpalestina tuliyekuwa tunakunywa kahawa pamoja Kariakoo. Alimpenda sana Issam Sartawi, daktari wa PLO aliyesema hadharani kwamba lazima tuzungumze na Waisraeli wanaotaka amani. Aprili 1983 tukasikia redioni Sartawi ameuawa kwa risasi Ureno, kwenye mkutano wa vyama vya kisoshalisti, na kundi la Abu Nidal, Mpalestina mwenzake, likajitapa kuwa ndilo lililofanya. Rafiki yangu aliacha kikombe nusu akaondoka. Wiki mbili sikumwona.

Miaka kumi baadaye Arafat, kiongozi wa PLO, alipoukubali mkataba wa Oslo, nilidhani rafiki yangu atafurahi. Akanionyesha gazeti: Mahmoud Darwish, mshairi wao mkubwa, amejiuzulu kwenye kamati tendaji ya PLO kwa kuupinga mkataba ule. Naye alikuwa upande wa Darwish. Nikamuuliza, si ndilo alilolifia Sartawi? Akasema Sartawi alifia kuzungumza, hakufia kusaini chochote utakachopewa. Nimelifikiria jibu lile miaka thelathini.

Kamanda

Kwa heshima zote, wakati mabomu yanadondoka kumlaumu kiongozi wako ni kumpa adui silaha. Kwanza mmalize vita, lawama baadaye.

Nuru

@Kamanda ndugu yangu, hilo swali ndilo linalomtafuna rafiki yangu kila siku. Nasoma Ujerumani, yeye ni wa Deir al-Balah, Gaza. Machi 2019 vijana waliingia barabarani dhidi ya ugumu wa maisha na kodi mpya za Hamas. Waliita "bidna na'ish", tunataka kuishi. Polisi wa Hamas wakawapiga kwa virungu, wakakamata mamia. Mdogo wake alivunjwa mkono. Kisha katika vita vilivyofuata Oktoba 7 ndege za Israel zikaiangusha nyumba yao. Mdogo wake yu hai, anaishi kwenye hema.

Machi 2025 watu wa Beit Lahia, kaskazini mwa Gaza, waliandamana tena, katikati ya vifusi, wakiwaambia Hamas watoke na vita viishe. Rafiki yangu alitaka kuisambaza ile video. Akakaa nayo usiku kucha. Aliniambia, nikiisambaza, waliobomoa nyumba yetu wataichukua kesho asubuhi waseme mnaona, hata wenyewe wanatuunga mkono. Nisipoisambaza, nimewaacha peke yao wale waliosimama mbele ya bunduki. Sasa unaposema lawama baadaye, Kamanda, yeye anauliza baadaye ni lini. Anasubiri tangu akiwa na miaka kumi na sita.

Aliisambaza. Binamu yake hamsemeshi mpaka leo.

Kamanda

Nimekusikia. Pole kwake na kwa ndugu zake.

Kijana wa Arava

Nuru, asante. Nami niongeze hili. Vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kwa mafunzo kama yangu waliuawa Oktoba 7. Mwili wa mmoja wao ulirudishwa Novemba 2025, zaidi ya miaka miwili baadaye. Siku hiyo yule binti wa mwenye shamba alinipigia kunipa pole. Nikamuuliza baba yake anaendeleaje. Akasema wanaendelea kugombana, na sasa baba mwenyewe anasema Netanyahu angejiuzulu siku ileile ya kwanza.

Msafiri wa Ghuba

Wakuu, nimemsomea mwenzangu niliyoyaandika, nikimtafsiria. Alisikiliza yote hadi mwisho. Awali nilikuwa nimetaja jina la kijiji chao. Ameniomba nilitoe, kwa ajili ya mama yake. Nimelitoa.