Ngazi ya mbao ya mwaka 1976 imekuwa nyeusi tii, nataka kuifufua mwenyewe, nianzie wapi?

binti_wa_tanga:
Wakuu habari za jumapili. Naomba mnisaidie mawazo maana nimezunguka sana kichwani na kila ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Nyumba yetu ya Tanga mzee alijenga 1976, ina ghorofa moja, na ngazi ya ndani ni mbao tupu, stepu 14, upana kama sm 90, mkono wa kushikia na vile vinguzo vilivyokerezwa. Marehemu baba alikuwa na utaratibu wake, kila inapokaribia Idi ananunua kopo la vanishi anapaka juu ya ile ya mwaka jana, hakuwahi kukwangua. Sasa piga hesabu miaka zaidi ya 30. Ngazi imekuwa nyeusi, mahali pengine inameta kama lami, mahali pengine imepasuka pasuka kama udongo wa mbugani, na mkono wa kushikia unanata, ukishika jua likiwa kali kiganja kinabaki na weusi.

Kilichonifanya niandike ni mama. Ana miaka 71, mwezi uliopita jioni alikosa stepu ya mwisho kwa sababu haoni stepu moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi, yote ni giza moja. Namshukuru Mungu aliumia kifundo tu. Fundi wa kwanza kaja kasema tubomoe tuweke zege na tailizi. Wa pili kasema apige rangi nyeupe siku mbili kazi imeisha. Mi roho inakataa yote mawili. Nimekwangua kidogo na kisu chini ya stepu ya kwanza nikaona mbao ya kahawia yenye wekundu na mistari mizuri sana sijapata kuona. Mbao za ubavuni pale ukutani zimepakwa rangi ya maziwa ya zamani.

Nina likizo wiki mbili Juni. Sijawahi kazi ya mbao zaidi ya kupigilia msumari. Inawezekana? Na jirani kaniambia nichemshe maji na kostiki soda nimwagie, inatoka yote, ni kweli?

fundi_mstaafu:
Mwanangu, usimwage kostiki. Nakuomba kabisa. Inatoa vanishi kweli lakini mbao ngumu zetu hizi inazigeuza nyeusi zaidi, inalegeza gundi kwenye maungio, halafu chumvi yake inabaki ndani ya mbao na vanishi mpya inakataa kushika. Nimeletewa milango mingi iliyoharibiwa hivyo.

Kwa maelezo yako hiyo ni mninga. Nyumba za wakati ule mninga ulikuwa unapatikana kwa urahisi na mafundi waliupenda kwa ngazi kwa sababu ukikauka hauchezi, haupindi. Mkono wa kushikia angalia vizuri, inawezekana ni mvule, wenyewe ukiukwangua unatoka na rangi ya dhahabu dhahabu sio wekundu. Hii tofauti utaihitaji baadaye kwenye kupaka, nitaieleza tukifika. Huyo anayesema bomoa weka zege mwambie asante hapana, leo kupata mninga mkavu wa upana huo wa stepu nzima bila kuunga ni shughuli.

Kabla ya yote shika bisibisi ucheze kila stepu, chini na kwenye pembe za ukutani. Ikizama kama kwenye keki hapo pana mchwa na hiyo mbao ibadilishwe kwanza. Mninga mchwa hawaupendi sana ila ule weupe wa nje wa gogo wanakula.

Halafu jua ulichopaka ni nini. Chukua pamba, weka spiriti, bandika mahali pa kificho dakika mbili. Ikilainika na kunata ni shelaki, ile vanishi ya kuyeyushwa kwa spiriti. Isipolainika jaribu thina. Ikiyeyuka ni laka, vanishi ya kukauka haraka. Isipoyeyuka kwa zote mbili ni vanishi ya mafuta, hiyo inataka rimuva ya rangi (dawa ya kutolea rangi na vanishi) au nguvu za mkono. Niletee jibu.

Jambo jingine na hili nalisema kwa uchungu, mtu asije na grainda akaifungia diski ya msasa. Ni haraka, ndiyo, lakini inachimba mbao mawimbi mawimbi ambayo huyaoni mpaka vanishi ikauke na taa ya usiku ipige kwa ubavu, na hapo huna la kufanya. Ngazi ni kazi ya kikwangua. Sisi tulipojifunza tulitumia kipande cha kioo cha dirisha kilichovunjwa vizuri, unakivuta kufuata mkondo wa mbao, kinatoa nyuzi nyembamba kuliko karatasi, na kabla yetu wazee walimalizia kwa majani ya msasa wenyewe, ule mti, ndipo jina lilipotoka. Siku hizi kikwangua cha chuma kipo dukani, nunua na tupa ya kukinolea.

nyumba_yangu_nairobi:
Dada mimi nitakutetea kidogo huyo wa rangi nyeupe lakini nusu tu. Yangu hapa Nairobi ni sipresi, mbao laini, mafundo kila mahali, nikapaka nyeupe yote kwa sababu haikuwa na urembo wa kuonyesha. Ilipendeza miezi mitatu. Pale watu wanapokanyaga katikati rangi ikaanza kuisha ikabaki njia kama ya mbuzi kwenye majani, watoto wanatoka shule na viatu vya mchanga unaelewa. Nikarudia. Ikaisha tena. Mwishowe nikakwangua ubao wa kukanyagia nikauacha rangi ya mbao na vanishi, ule ubao wa wima wa mbele peke yake nikauacha mweupe, na hapo ndo nikapumzika.

Kwa mama yako naona hiyo ingefaa hata zaidi, yaani ukipanda unaona nyeupe, kahawia, nyeupe, kahawia, macho yanajua mguu uende wapi. Ila akishuka haoni ule ubao wa wima, anaona tu pa kukanyagia, kwa hivyo weka kamba ya rangi tofauti kwenye ukingo wa kila stepu, hata ile tepu ya mchanga mchanga ya kuzuia kuteleza. Mamangu ndiye aliniambia hivyo, kupanda hakumsumbui, kushuka ndiko kunamtia hofu.

mtu_wa_minnesota:
Nakubaliana na mzee hapo juu, naongeza mambo ya usalama tu maana nimefanya ngazi ya nyumba yangu huku Marekani, nilitoa kapeti nikakuta pini za steplo mamia kwa mamia na chini yake rangi tabaka tano.

Hiyo rangi ya maziwa ya ubavuni usiipige msasa mkavu. Rangi za miaka hiyo nyingi zilikuwa na madini ya risasi, huku walizipiga marufuku kwenye nyumba mwaka 1978, na vumbi lake ndo baya zaidi kwa watoto wadogo, linaingia kwenye ubongo. Kama hazibanduki ziache zilivyo, osha, paka mpya juu yake, basi. Kama lazima zitoke, lowesha kwanza halafu kwangua zikiwa mbichi, vumbi lisiruke, na takataka zote kwenye mfuko ufunge.

Rimuva nayo soma kopo. Zile kali zina methilini kloraidi, mvuke wake mzito unakaa chini na watu wamekufa wakikwangua mabafu kwenye vyumba vilivyofungwa, ndiyo maana toka 2019 huku hawaruhusu kuuziwa mtu wa kawaida. Maski ya kitambaa haisaidii chochote kwa mvuke. Ukikuta isiyo nayo chukua hiyo hata kama inachelewa, paka, funika na nailoni saa kadhaa, rudi.

La mwisho nisikilizeni wote. Vitambaa ulivyofutia vanishi ya mafuta au mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye kona. Vinapokauka vinatoa joto vyenyewe, vikiwa vimebanwa pamoja joto halina pa kutokea, vinawaka bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka viwe vikavu kama karatasi au vizamishe kwenye ndoo ya maji. Mi nyumba ya jirani ilianza kuungua hivyo na hakuna aliyekuwa jikoni.

binti_wa_tanga:
Asanteni sana jamani, nimesoma mara tatu. Mzee shikamoo, nimefanya kipimo. Spiriti hakuna kitu, thina imepauka juu kidogo tu haijalainika. Kwa hiyo ni vanishi ya mafuta si ndiyo? Bisibisi imezama stepu ya pili kona ya ukutani kama urefu wa kidole, kwingine mbao ni ngumu kama chuma. Mkono wa kushikia umetoka wa dhahabu kama ulivyosema!

Maswali mawili. Stepu ya 6 na ya 9 zinalia ukikanyaga, na usiku zinamwamsha mama. Na je tutalala wapi? Vyumba vyote viko juu.

fundi_mstaafu:
Marahaba mwanangu. Ndiyo, ni vanishi ya mafuta.

Kulia kwa stepu ni mbao mbili zinasuguana kwa sababu gundi ilishakufa. Kama chini ya ngazi pako wazi (nyumba nyingi pale ndo stoo) ingia na tochi, mtu akanyage juu wewe uangalie panapocheza. Chonga kabari nyembamba, paka gundi ya mbao, iingize taratibu usiigonge mpaka ikainua stepu, halafu bandika vipande vya mbao vya pembe tatu kwenye kona kwa gundi na skrubu. Fanya hivi kabla ya kukwangua. Ile kona iliyoliwa ikate mpaka kwenye mbao nzima uingize kipande cha mninga, omba mabaki kwenye karakana yoyote, na mbao za ukutani hapo uzitibu dawa ya mchwa.

Kulala: fanya stepu moja ruka moja. Wiki ya kwanza 1, 3, 5 na kuendelea, mnakanyaga zilizobaki. Wiki ya pili kinyume. Lakini mama asiruke stepu kwa umri huo, mtandikie sebuleni siku hizo.

Kazi yenyewe: rimuva, kwangua, rudia. Kisha futa na tapentaini yote, kisha msasa namba 80 (namba ikipanda msasa unakuwa laini), halafu 120, halafu 180 ukomee hapo kwa ubao wa kukanyagia, ukiulainisha zaidi ya hapo unateleza na vanishi inakosa pa kung'ang'ania. Msasa siku zote kufuata mkondo wa mbao, ukikata kinyume mikwaruzo itaonekana. Vinguzo tumia msasa uliokatwa utepe, uvute mbele nyuma kama unasugua mgongo na taulo. Mashimo jaza kwa unga wa mninga huohuo uliochanganywa na vanishi, sio gundi nyeupe, gundi inaacha doa la kupauka. Vumbi la mninga na la mvule linawasha pua na kifua, hapa maski ni lazima, mafundi wenzangu wengi wamepata pumu.

Sasa ule mvule. Una mafuta yake ya asili yanayozuia vanishi ya mafuta kukauka, unaweza kungoja siku nne bado inanata, na sishangai ndiyo sababu mojawapo mkono wenu unanata, pamoja na jasho la viganja vya miaka yote. Futa na thina, ikikauka tu paka koti moja jembamba la shelaki isiyo na nta, ndipo vanishi juu yake. Watakuuzia sanding sila (koti la kwanza la kuziba vinyweleo vya mbao) wakisema ni sawa, kwa kabati ni sawa, kwa ngazi hapana, ni laini chini ya vanishi ngumu na itapasuka.

Vanishi chukua ya PU (poliurethani, ile ngumu) isiyong'aa sana. Stepu zako 14 kwa upana huo ni kama mita za mraba 6, makoti matatu 18, lita 2 zinatosha, na lita ya ziada kwa vinguzo na mkono. Makoti membamba. Kati ya koti na koti saa 24 na msasa 220 kidogo tu. Vizuri umechagua Juni, masika imeondoka, ungefanya Aprili na unyevu wa Tanga ungelia.

binti_wa_tanga:
Nimerudi wakuu, leo ni tarehe 9 Julai, wiki mbili hazikutosha, zimekuwa tatu na nusu.

Rimuva ilitoa tabaka za juu tu, chini ni mikono, na stepu moja inakula saa tatu hadi nne. Kikwangua nilikuwa nakinoa vibaya siku mbili za kwanza, kinatoa vumbi badala ya nyuzi, nikanoa upya na tupa nikaona zile nyuzi nyembamba zinajikunja, mzee hapo nilikukumbuka. Stepu ya 6 haikuwa na kosa ila kabari moja. Ya 9 ilikuwa na msumari mmoja tu tokea siku ilipojengwa. Rangi ya ubavuni sikuikwangua, nimeosha nikapaka nyeupe juu, na mbao za wima nazo nyeupe kama dada wa Nairobi alivyosema. Mkono wa mvule ulikauka siku ya pili baada ya shelaki. Vitambaa nilikuwa navianika kwenye kamba ya nguo, majirani wakauliza.

Stepu ya 4, tabaka za mwisho zilipotoka, nikakuta alama za penseli pembeni, namba na mshale, mwandiko wa baba. Nimezipaka vanishi juu zibaki.

Mama jana kashuka mwenyewe jioni bila kuwasha taa ya tochi. Alifika chini akarudi juu akashuka tena. Tepu ya ukingoni nimeweka nyeusi. Mzee naomba unijibu kitu kimoja, mlango wa mbele nao ni mninga na una vanishi ileile, ila unapigwa jua la asubuhi na upepo wa bahari, hii PU ya ndani itafaa au nje kuna nyingine?

fundi_mstaafu:
Hongera sana mwanangu. Ya ndani usiitumie, jua litaipasua mwaka mmoja. Tafuta vanishi ya boti yenye kinga ya jua, makoti manne au matano kwa mlango, na usisahau ukingo wa juu na wa chini wa mlango, maji yanaingilia hapo na ndipo mafundi wengi hawapaki. Piga picha ya hizo namba za penseli utuletee.