Valvu ya moyo ya mnyama: aliyekaa nayo muda mrefu anisaidie

Kaka wa Wete: Assalaam alaykum. Mdogo wangu wa kike ana miaka 27, homa ya baridi yabisi ya utotoni imemharibia valvu ya mitrali, mlango mmojawapo wa moyo unaopitisha damu. Daktari Dar anamtaka achague: ya chuma au ya mnyama. Ya chuma inataka warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote na kupima damu kila mara, na yeye ndiyo kwanza kaolewa, anataka watoto. Ya mnyama inadumu?

Bi Mkoani: Waalaykum salaam mwanangu. Mimi niliwekewa ya ng'ombe mwaka 2010, kwa sababu hiyo hiyo ya uzazi. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Niliimeza miezi ya mwanzo tu baada ya upasuaji, nikaachishwa. Alhamdulillahi nikazaa wawili. Lakini nisikufiche: kwa kijana huchakaa upesi, chokaa huikamata ikakakamaa, na ya mitrali huwahi kuchakaa kuliko ya aota, mlango mwingine wa moyo. Wengi huambiwa miaka 10 hadi 15. Mimi mwaka jana pumzi ilianza kunikata nikipanda ngazi, kipimo cha eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kikaonesha valvu inavuja. Nasubiri ya pili, na upasuaji wa pili ni mzito zaidi. Wekeni akiba mapema. Na asikose eko kila mwaka, hata akijiona mzima.

Dada Chake: Kaka, sindano ya penisilini ya kila mwezi, ya kuzuia ile homa isirudi, asiache baada ya upasuaji. Kabla ya kung'oa jino, amwambie daktari ana valvu. Ulizeni pia kama ni ya ng'ombe au nguruwe, zote zipo.