Steve Tikolo alikuwa mkali kiasi gani kwani?

kijana_wa_Ngara: Wakuu habari zenu, mimi kriketi nimeanza kuifuatilia juzi juzi tu na kila nikiuliza habari za Kenya ya zamani naambiwa Tikolo, Tikolo. Nimecheki takwimu zake za mechi za siku moja nakuta wastani wa mikimbio 29 na senchuri 3 (yaani kufikisha mikimbio 100 kwenye mechi moja), sasa mbona wazee mnamsifu hivyo? Nielewesheni tafadhali

mzee_wa_Gymkhana: Kijana hizo namba usizisome hivyo. Kenya hatujawahi kupewa hadhi ya kucheza Test (zile mechi ndefu za siku tano za mataifa makubwa), kwa hiyo jamaa anakaa miezi bila kukutana na timu kubwa halafu ghafla anatakiwa kusimama mbele ya mabola (warusha mpira) wakali wa dunia. Kombe la Dunia 1996 pale Kandy, timu ya Sri Lanka walitupiga mikimbio 398, rekodi ya dunia wakati huo, na hao ndio waliokuja kubeba kombe. Tikolo akaingia akapiga 96! Zilibaki nne tu awe Mkenya wa kwanza kufikisha mia.

dada_wiketi: Mimi hata hiyo naiweka pembeni. Fainali ya ICC Trophy (mashindano ya nchi zisizo na hadhi ya Test), Kuala Lumpur 1997, alipiga 147 kwenye jumla yetu ya 241, yaani zaidi ya nusu ni zake, halafu mvua ikaharibu kila kitu mechi ikaingia siku ya pili, Bangladesh wakapewa watafute 166 kwa ova 25 (ova moja ni mipira sita) na wakazipata mpira wa mwisho kabisa. Bado inaniuma. Wenzetu wakapata Test mwaka 2000, sisi tukabaki palepale tukiomba

kijana_wa_Ngara: Duh, 147 na bado tukafungwa?? Na 2003 je?

mzee_wa_Gymkhana: 2003 ndiye alikuwa kapteni. Watu husema tulipata pointi za bure sababu New Zealand walikataa kuja Nairobi, sawa, lakini Sri Lanka tuliwafunga hapahapa Nairobi, uwanja wa Gymkhana, wakiwa kamili. Nusu fainali Durban India walitushinda kwa mikimbio 91, ila cheki skokadi uone nani alipiga 56. Kombe la Dunia kacheza mara 5, la mwisho 2011 akiwa na miaka 39.

dada_wiketi: Na alikuwa anarusha ofspini (mpira wa kuzungusha) pia, msisahau, kisha akaenda kuwafundisha Uganda. Kijana anzia na ile ya Kandy.