Chrysler TC by Maserati au Cadillac Allanté? Natakiwa nijibu Jumamosi

Mkwezi_Houston: Wakuu, nataka gari la kufunua paa la kutembelea wikiendi hapa Texas. Nimeona TC na Allanté. Nibebe lipi?

BoltiNati: Mkuu, umeuliza nusu swali. Mwaka gani? Injini ipi? Una shilingi ngapi? TC ziko za lita 2.2 turbo, za valvu 16 zenye gia za mkono, na za V6 ya Mitsubishi. Za valvu 16 ni 500 tu kati ya 7,300.

Mkwezi_Houston: TC ni ya 1990, V6, ina lile paa gumu la vidirisha vya duara. Allanté ni ya 1993.

Mama_Tabora: Allanté, fumba macho! 1993 ndiyo pekee iliyopata injini ya Northstar V8, nguvu za farasi 295. Hiyo V6 yako ina 141. Tena bodi ilitoka kwa Pininfarina, wale wabunifu wa magari wa Italia, ikapandishwa Boeing 747 hadi Detroit.

BoltiNati: Ndege haizibi gasketi ya silinda hedi, dada. Waulize mafundi jinsi Northstar za mwanzo zinavyovuja hapo.

Chongo: Mnabishania injini, angalieni paa. Niliuziwa gari la wazi la zamani, silitaji. Muuzaji kaliweka juani, limefunuliwa, siti za ngozi zinang'aa. Nikitaka alifunge, anasema paa halina shida, ana haraka. Mvua ya kwanza turubai likakwama katikati, kioo cha plastiki cha nyuma kikapasuka, maji yakajaa chini ya zulia. Likanuka ukungu hadi mke wangu akagoma kupanda. Fundi wa turubai akanitajia hela inayokaribia bei ya gari! Kabla hujalipa, funga paa, mwagia maji ya mpira, halafu ingiza mkono chini ya zulia.

Kijiti: Hivi hiyo TC ina Umaserati gani? Iacocca, bosi wa Chrysler, na de Tomaso, mwenye Maserati, walijuana tangu enzi za De Tomaso Pantera iliyouzwa na Ford, wakapatana. Chasi ni ya Dodge Daytona iliyofupishwa, sura ni ya LeBaron, Chrysler ya kawaida, na LeBaron ilitangulia sokoni kwa bei ya chini sana.

BoltiNati: Imeundwa Milano, unataka nini tena?

Kijiti: Bata akilelewa na kuku anabaki bata.

Mkwezi_Houston: Je, baadaye nikitaka kulipeleka Mombasa?

Mama_Tabora: Sahau. Kenya mwisho miaka 8, na usukani wa kushoto hawausajili.

Chongo: Jumamosi imepita. Umebeba lipi?

Mkwezi_Houston: Mwenye TC hapokei simu. Kuna anayezijua Mercedes 560SL?