Mtoto wa mbwa wiki 8 anatapika na kuhara damu, hela haitoshi kumlaza: nianzie wapi?

Muulizaji
Wakuu, naomba msaada. Mbwa jike, wiki 8, kilo 2.5, kachukuliwa siku 4 zilizopita, hana kadi ya chanjo. Tangu jana jioni katapika mara 5, leo anaharisha damu yenye harufu kali mno. Hali, hanywi. Kliniki wanataka alazwe, hela yote haipo. Nilipie nini kwanza? Dawa ya minyoo ninayo, nimpe? Nipo Morogoro.

Jibu la 1
Pole sana. Kwa umri huo, bila chanjo, mchukulie ana pavo (ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa) mpaka kipimo kikanushe. Dalili hutokea siku 3 hadi 7 baada ya kuambukizwa, kwa hiyo huenda alikuja nayo. Mpigie aliyekupa, ndugu zake wako hatarini.

Apelekwe leo. Taja kiasi ulichonacho, kisha omba matibabu ya kwenda na kurudi. Chuo Kikuu cha Colorado State, Marekani, walijaribu hivi: dripu ya mshipani kwanza mpaka maji ya mwili yarudi, halafu maji chini ya ngozi kila siku, sindano ya kuzuia kutapika, na antibayotiki ya sindano inayodumu siku nyingi. Kwenye utafiti wa mbwa 40 uliotoka 2017, waliolazwa walipona 90%, wa kwenda na kurudi 80%. Tofauti ipo, lakini ni mbali sana na kumwacha afe.

Lipia kwa mpangilio huo: maji, kutapika, antibayotiki. Vitamini zisubiri.

Jibu la 2
Hapo Morogoro kuna hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), waulize na wao.

Dawa ya minyoo isubiri, ataitapika tu. Wakati mnajiandaa, bonyeza fizi kwa kidole. Panageuka peupe, rangi isiporudi ndani ya sekunde 2, kakaukiwa vibaya, usipoteze muda na ORS. Ikirudi haraka, koroga pakiti 1 kwenye maji lita 1, mpe mls 5 kila dakika 20 kwa bomba lisilo na sindano, pembeni ya shavu. Kichwa usikiinue, maji yataingia mapafuni. Akitapika, mpumzishe saa 1, rudi na mls 2. Akilegea au akiwa wa baridi, usimnyweshe kitu: mpake asali kidogo kwenye fizi, mzungushie chupa za maji ya uvuguvugu zilizofungwa kitambaa. Maziwa hapana. Panadol, diklofenaki na ibuprofeni ni sumu kwake.

Jibu la 3
Na usafi jamani, hapa ndipo wengi wanaponza mbwa wa jirani. Zoa kinyesi, sugua kwa sabuni, suuza, ndipo umwage jiki: mls 30 kwa lita 1 ya maji, iache dakika 10. Ukiimwaga juu ya uchafu haifanyi kazi. Udongo wa uani hausafishiki hivyo, na virusi hukaa humo miezi mingi, kwa hiyo usilete mtoto mwingine wa mbwa asiyemaliza chanjo. Akipona, chanjo ziendelee kila wiki 3 hadi 4 mpaka afike wiki 16; moja haitoshi, kinga ya mama huizuia kufanya kazi.

Muulizaji
Fizi zimechukua kama sekunde 3. Tunatoka sasa hivi. Aliyenipa nimeshampigia, wenzake watatu bado wapo kwake, anawapeleka wakapimwe.